Maji Matamu ya Kifaru

Juzi fundi alifungua boneti ya gari langu, na kabla hajasema neno nikarudi nyuma hatua mbili. Ilinijia harufu ya utamu wa moto, kama sukari inayoanza kuungua kwenye sufuria, imechanganyika na mpira na vumbi. Fundi alicheka akidhani naogopa mvuke. Sikumweleza. Ninyi nitawaeleza, maana ni habari ambayo nyumbani kwetu haikusimuliwa mbele ya wageni, na wengi waliokuwapo siku ile wameshatutoka.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Maji ya Chai, kando ya barabara inayopanda kwenda Momela. Mwezi wa saba ukungu wa Mlima Meru ulikuwa ukishuka mpaka migombani, unamsikia ng'ombe wa jirani anatafuna lakini humwoni. Baba alikuwa ameendesha magari ya shirika la umma kwa miaka mingi. Zilipoingia zile siku za ruksa, kila mtu alipoachiwa kufanya biashara, mashirika yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, naye akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake akakipeleka kwenye mnada, akarudi na gari lile lile alilokuwa akiliendesha: Landrova kuukuu ya kijivu, milango haifungi mpaka uibamize mara mbili. Majirani walisema amenunua chuma chakavu. Sisi watoto tulimwita Kifaru, na tulimwona mzuri kuliko magari yote ya Arusha.

Watalii walikuwa wameanza kuja kwa wingi. Mtu mwenye gari linalomudu tope alipata kazi ya kuwapeleka Momela kutazama twiga na wale ndege wekundu wa ziwani. Baba akapata kampuni moja ndogo ya mjini iliyompa wageni. Asubuhi za baridi aliondoka na wazungu wamejikunyata kwenye mablanketi, na jioni alirudi, Kifaru amepakwa udongo mweusi mpaka kwenye vioo.

Mama alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wetu wa Kilutheri. Adui yake alikaa ng'ambo ya barabara. Ruksa ile ile iliyompa Baba gari ilimpa Mama Rozi, mama mmoja mtu mzima kutoka Rombo, leseni ya baa. Ilikuwa banda la mbao lililopakwa rangi ya samawati, na muziki wake ulianza kabla ya saa sita mchana. Kwa miaka mitatu Mama hakumsalimia Mama Rozi. Akipita mbele ya baa alitazama mlima, hata siku ambazo mlima haukuonekana. "Pombe," alikuwa akituambia, "ni mgeni anayemfukuza mwenye nyumba." Alikuwa ameanza kuzungusha karatasi ya sahihi ili baa ile ihamishwe.

Basi Kifaru akaanza kunywa maji.

Mwanzoni Baba alijazia tu rejeta maji ya mto na kwenda zake. Gari lilipochemka mara ya pili njiani alimwita Fundi Athumani kutoka Sakina, mzee wa Kirangi mwenye kofia ya kufuma na vidole vilivyokuwa vyeusi hata siku ya Idi. Fundi alifungua rejeta, akatia kijiti, akatoa matope meupe kama chokaa.

"Unatia maji ya mto huu?" aliuliza.

"Ndiyo yaliyopo."

"Mzee, maji haya yametia meno ya watoto wako rangi ya kahawia. Unadhani rejeta ina meno ya chuma?"

Ilikuwa kweli kuhusu meno yetu. Nilifunga mdomo haraka. Fundi aliisafisha rejeta kutwa nzima, na wiki iliyofuata akaleta kopo la dawa iliyotoka Nairobi kwa njia ya Namanga, kwa kuwa sasa vitu vilipita mpakani bila watu kukimbizana vichakani. Ilikuwa maji ya kijani, kijani cha kung'aa ambacho sijawahi kukiona kwenye jani lolote. Fundi alisema dawa hiyo haichemki upesi wala haili chuma. Baba aliimimina taratibu kama mtu anayenyunyizia mche.

Lakini nayo ikapungua. Kila baada ya safari moja au mbili rejeta ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo msako ulipoanza. Baba alitandika maboksi yaliyofunuliwa chini ya Kifaru jioni; asubuhi yalikuwa makavu. Fundi aliipaka mipira yote ya injini unga wa mahindi ili tone lolote lijichore. Unga ukabaki mweupe, kuku wakaudonoa. Alinusa moshi wa ekzosi. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili akaitazama kwenye mwanga, akasema oili ni safi, maji hayaingii humo.

"Maji hayana miguu," alisema akijikuna chini ya kofia, "lakini haya yametembea."

Baba hakucheka. Siku chache kabla, Kifaru alikuwa amechemka katikati ya msitu, nyati wamesimama umbali wa kutupa jiwe na wageni wanne wanalia ndani. Kampuni ilimwambia ikitokea tena watatafuta dereva mwingine. Kutoka siku hiyo alianza kukaa kimya mezani, nasi tukajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Alitoa na amri. "Mtoto nitakayemkuta ndani ya gari hili," alisema, "atakiona cha mtema kuni."

Tuliingia hata hivyo. Baba alipolala mchana baada ya safari, mimi na mdogo wangu Zefania, wa miaka minne, tulipita mlango wa nyuma usiofungika vizuri. Mimi nilikuwa dereva, yeye alikuwa mtalii. Aliketi mbele kando yangu, anaonyesha kuku na kuwaita tembo. Siku moja kiatu chake kilitumbukia chini ya mkeka wa mpira miguuni pake, akapiga kelele kwamba gari lina maji. Niliinua mkeka. Pale chini bati lilikuwa limebonyea kama bakuli, na bakuli lile lilikuwa limejaa kijani.

Nilichovya kidole, nikaonja. Ilikuwa tamu.

Mtanicheka, na mna haki. Lakini kumbukeni siku zenyewe. Maduka ambayo tulizoea kuyaona na sabuni ya mche na chumvi peke yake yalikuwa yamejaa rangi ghafla: unga wa juisi wa rangi ya chungwa, pipi za bluu zilizotia ulimi bluu, barafu nyekundu za kwenye mfuko. Kila siku tulionja kitu ambacho wazazi wetu hawakujua jina lake. Hatukuwa na sababu ya kuishuku rangi. Mimi ule utamu uliniachia ukali fulani nyuma ya ulimi, sikuupenda. Zefania alilamba vidole vyote vitano.

"Ni juisi ya Kifaru," nilimwambia. "Ukisema kwa mtu tutachapwa."

Sentensi ile nimeibeba mpaka leo.

Jumamosi moja Fundi Athumani alikuja asubuhi na dhamira ya kumaliza mambo. Alikuwa amechukua kifuniko cha rejeta, akakitoboa na kukichomelea valvu ya tairi. Alikifunga mahali pake, akaunganisha pampu ya baiskeli, akasema akilijaza gari upepo, tundu litajitangaza lenyewe. Baba alipampu, Fundi akatega sikio kwenye kila bomba. Hakuna kilichodondoka. Wote wawili walikuwa na macho kwenye injini. Mimi nilikuwa nafua soksi kwenye beseni, na Zefania sikujua alipo.

Akatokea upande wa pili wa gari. Alikuwa ameshika kikombe chake cha bati na alitembea kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Akatabasamu, akakaa kwa matako, akasimama, akakaa tena. Tulicheka. Hata Baba alicheka, mara ya kwanza kwa wiki mbili.

"Huyu katoka kwa Mama Rozi," Fundi alisema.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Alisikia neno lile, akamtazama mtoto, akauweka ungo chini. Zefania akatapika. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu yeyote. Mama alimbeba, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote, nami nikamkimbilia nyuma na mapovu mikononi.

"Mmemlewesha mwanangu!" alipiga kelele mbele ya baa. "Mmewamaliza waume za watu, sasa mmeanza na watoto wachanga! Toka nje, shetani wewe!"

Mama Rozi alitoka akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, na sikuwahi kumwona karibu hivyo. Hakujibu tusi. Aliinamia mdomo wa Zefania, akanusa, akanusa tena.

"Mama Eliaika," alisema, akimwita Mama kwa jina langu, "nitukane ukipata nafasi. Mtoto huyu hanuki pombe. Mimi pombe naijua hata nikiwa usingizini. Amekula nini?"

Kila mtu aligeuka huku na huko, wateja kwenye mabenchi, Baba aliyekuwa amefika anahema, Fundi na spana yake. Hakuna aliyenitazama mimi. Zefania bado alikuwa ameng'ang'ania kikombe, na ndani yake, chini kabisa, niliona duara la kijani.

"Amekunywa juisi ya Kifaru," nilisema.

Hawakuelewa. Nikageuka nikakimbia kurudi nyumbani, nao wakanifuata. Nilifungua mlango wa mbele wa abiria, nikavuta mkeka. Bakuli la bati lilikuwa karibu tupu. Fundi Athumani alipiga magoti, akapitisha mkono juu, chini ya dashibodi, mahali palipokuwa na kisanduku cha kupashia joto ambacho Baba alikifungulia asubuhi wageni waliposikia baridi, na kukifunga jua likitoka. Mkono ulirudi na tone la kijani kwenye kidole. Mpira wa nyuma ya kisanduku ulikuwa umeoza. Ulivuja ndani ya gari, si nje, na ulivuja asubuhi tu, kisanduku kikiwa kimefunguliwa.

Fundi alivua kofia yake. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. "Ya Allah," alisema polepole. "Tundu lilikuwa hapa."

Baba alikwenda stoo akarudi na lile kopo. Aliligeuza mpaka akafika mahali penye maandishi madogo ya Kiingereza na mchoro wa fuvu usiozidi ukucha.

"Sumu," alisema. Alilitamka kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Mama hakulia. Alitoa sauti fupi, kama mtu aliyepigwa kifuani, kisha akapanda garini na mtoto. Fundi aliukata ule mpira kwa kisu, akaunganisha injini bila kisanduku, akajaza maji ya mto yale yale aliyokuwa akiyalaani. Hakuchukua muda wa kumaliza ubeti mmoja wa wimbo. Tukaondoka, Baba akiendesha na Fundi ubavuni kwake, mimi nimeketi nyuma kwenye matairi ya akiba. Uso wa Zefania ulining'inia juu ya bega la Mama ukinitazama bila kuniona.

Kwenye hospitali ya misheni tulimkuta daktari kijana, Mmachame, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alilisoma kopo lote, akalirudia. Kisha akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana.

"Binti, wewe ndiye unayejua. Alikunywa lini, na kiasi gani?"

Nilimweleza yote, vidole vya wiki iliyopita na kikombe cha leo. Hakunigombeza. Alisimama akawageukia wazazi wangu.

"Sumu hii na pombe vinagombania mlango mmoja mwilini. Pombe ikitangulia, sumu inakosa pa kupita, inatoka kwa mkojo kabla haijaharibu figo. Nahitaji pombe kali ya chupa, iliyofungwa kiwandani. Gongo siitaki, ina hatari zake. Spiriti ya vidonda haifai kunywewa. Nileteeni upesi."

Mama alimtazama kama mtu aliyesemeshwa Kichina. "Umpe mtoto pombe?"

"Tutamlewesha, mama. Leo na kesho, nitampa kwa mpira wa puani, pamoja na maji ya sukari. Ukichelewa sitakuwa na cha kumpa."

Hebu wazeni waliosimama pale: Baba, mzee wa kanisa, Mama, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, na Fundi Athumani ambaye hajawahi kukosa swala. Hakuna hata mmoja wao aliyejua pombe kali inaitwaje dukani. Baba alitakiwa abaki kumshika mtoto. Fundi alisema, "Mimi nitaendesha. Na kama ni kushika chupa nitashika, Mungu anaona."

"Kwa Mama Rozi nitaingia mimi," Mama alisema. "Niliyemtukana ni mimi."

Alinivuta mkono, sijui kwa nini. Nadhani alihitaji kitu cha kushika. Tulipofika, muziki ulikuwa umezimwa. Wateja walisimama wote walipomwona Mama mlangoni, wengine wakaficha glasi nyuma ya mgongo kama wanafunzi. Alipita katikati yao mpaka kaunta.

"Shikamoo, dada," alisema.

Mama Rozi aliiegemea kaunta akamsogelea. "Marahaba, mdogo wangu. Mtoto?"

"Daktari anataka pombe kali. Iliyofungwa. Mimi sijui ni ipi."

Mama Rozi alipanda kigoda, akashusha chupa mbili kutoka rafu ya juu, akazipangusa vumbi kwa kanga yake. Alizigeuza, akatuonyesha vifuniko kwamba havijafunguliwa. Kisha akawaambia wateja, "Nafunga," akatoka nasi, akapanda Kifaru. Njiani alizipakata zile chupa, na Mama aliketi ubavuni kwake. Kwenye kila shimo niliona mkono wa Mama ukizikinga zile chupa zisigongane.

Siku mbili zile Zefania alikuwa mlevi kwa amri ya daktari. Aliimba wimbo wa Krismasi mwezi wa saba. Alimwita muuguzi mkuu twiga. Kisha alikuwa akinyamaza ghafla na kupumua haraka haraka, na chumba kizima kilizuia pumzi kikisubiri ya Zefania itulie. Mama alikaa kwenye kigoda, akihesabu mikojo kama tunavyohesabu wiki kabla ya mavuno.

Jumapili baada ya ibada mchungaji alikuja na wanawake wa umoja, wamevaa vitenge vya sare. Walifungua mlango wakasimama. Harufu ya pombe iliwapokea kabla yetu, na kando ya kitanda alikuwa ameketi Mama Rozi, ameshika kikapu cha chakula. Nilimwona mama mmoja akimkanyaga mwenzake.

Mama aliinuka. Nguo alizovaa zilikuwa za jana. "Mchungaji," alisema, "mtoto amelewa. Nimemlewesha mimi, na daktari ataendelea mpaka atakaporidhika. Ombeni hivyo hivyo."

Mchungaji alitazama mpira wa puani, akamtazama Mama, akavua miwani. Waliomba. Zefania akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa mahali pasipostahili, na Mama Rozi ndiye aliyeanza kucheka, na Mama akafuata, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio alichokuwa amekizuia tangu Jumamosi.

Figo zilipona, ingawa Zefania huzipima mpaka leo kila mwaka. Amekuwa mtu mrefu wa miraba minne, na hagusi kinywaji chochote cha kijani. Mama hakuacha kuichukia pombe. Lakini ile karatasi ya sahihi haikuonekana tena, na nilipoiulizia alinijibu kwamba nyumba yetu haina meza ya kuandikia mambo kama hayo.

Mimi niliisubiri fimbo. Niliisubiri wiki nzima. Kila Baba alipokohoa, misuli ya miguu yangu ilikaza. Jumamosi iliyofuata akaniita kwenye gari, nami nikaenda. Boneti ilikuwa wazi.

"Panda kwenye bampa uone vizuri," alisema. Akanionyesha rejeta, feni, pampu ya maji, na kila mpira ulikotoka na ulikokwenda. Alipofika kwenye ule mpya aliushika.

"Tundu hili nimemwuliza Fundi," alisema. "Nimewauliza madereva wa mjini. Nimemwuliza na Mungu. Wewe sikukuuliza."

Alifunga boneti, akaniachia mlango wazi, akaenda kunywa chai. Wakati ule nilidhani nimesamehewa tu, au amesahau kunichapa kwa uchovu, nikafurahi kama mtoto yeyote anavyofurahi.

Nilimwelewa nilipokuwa na watoto wangu, miaka mitatu baada ya kumzika. Nilikuwa jikoni nakatakata mchicha, binti yangu mkubwa akaja akasimama mlangoni, amefumbata mkono. Aliniambia walipanda kabatini kwangu kutafuta biskuti, wakazikuta dawa zangu za presha, na mdogo wake ametia kidonge kimoja mdomoni, akakitema. Alifumbua mkono. Kidonge kilikuwa kimeyeyuka nusu. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe. Nikamwona mtoto anautazama ule mkono. Hakuutazama uso wangu kabisa.

Niliushusha. "Asante kwa kuniambia," nilimwambia. "Twende tumwone mdogo wako, kisha twende hospitali, na njiani utanieleza yote." Alianza kueleza tukiwa bado koridoni, haraka haraka, hata mambo ambayo nisingejua kuyauliza.